Nyumba yavuja, gari halina paa!

TANGA, waja leo waondoka leo! Kila aliyewahi kukanyaga mji ule anaijua kauli hiyo, na wenyeji watakukumbusha hata kabla hujamaliza kikombe cha kwanza cha kahawa. Sasa msomaji wangu, wiki hii nakuletea habari za mgeni mmoja aliyeingia Tanga mwaka 1959 na mpaka leo hajaondoka. Angeondoka vipi, na magurudumu yenyewe alishavuliwa?

Mgeni mwenyewe ni gari. Ni Morris Minor 1000, milango miwili, na badala ya paa la bati limeumbwa kwa ajili ya turubai la kukunja. Kwa wazee wa kujirusha hilo ndilo gari lenyewe: unafunua, upepo unakupiga usoni, sista du yuko pembeni na miwani myeusi, mnateremka taratibu kuelekea Raskazone kuangalia jua linavyozama. Hayo ni ya kwenye sinema. Hili ninalokusimulia lipo juu ya magogo uani kwa mjomba wangu, Ngamiani. Turubai lilishaliwa na panya zamani, na kiti cha nyuma kuku alikigeuza chumba cha wazazi.

Mjomba ameamua kulifufua. Hapo hapo nyumbani, kati ya kamba ya kuanikia nguo na jiko la mkaa. Na vita vilivyozuka katika uwa ule, ndugu yangu, we acha tu.

SAFARI YENYEWE

Nimetia timu Tanga mara mbili kwa ajili ya gari hili. Mara ya kwanza ilikuwa Julai mwaka jana, mara ya pili Aprili mwaka huu, masika imechachamaa. Kutoka Dar unapandia basi stendi ya Magufuli kule Mbezi, na safari ni kama kilomita 350. Chalinze mnaachana na wanaokwenda Morogoro, mnavuka Wami, halafu mnaburuzana mpaka Segera. Pale wanaokwenda Moshi na Arusha wanashika kushoto, nyie mnakata kulia. Muheza machungwa yanakufuata mpaka dirishani. Baada ya hapo ni mistari ya mkonge, hewa inaanza kuwa nzito, unajua bahari haiko mbali. Mnashushwa Kange.

Ngamiani ni raha kwa mgeni kwa sababu mitaa yake ina namba. Hupotei. Unaambiwa barabara ya ngapi, unahesabu. Baiskeli ndio wenye mji, zinapita kimya kama paka, na kila baada ya nyumba kadhaa kuna baraza yenye wazee, buli la kahawa na hoja isiyoisha.

"Shikamoo mjomba!"

"Marahaba mjomba. Umekuja na lastiki zangu?"

Ndivyo nilivyopokelewa Julai. Habari za Dar baadaye. Kwenye begi nilikuwa nimebeba kifurushi kilichotoka kwa ndugu yetu aliyeko Uingereza: lastiki za breki, gasketi na plagi nne. Usishangae. Kule spea za Morris Minor bado zinauzwa kama karanga, ingawa Minor la mwisho la wazi lilitoka kiwandani mwaka 1969. Sri Lanka nako, ambako magari haya yalikuwa mengi, kuna karakana iliyokuwa ikifinyanga vipande vyake vya bodi na kuvisafirisha Uingereza. Gari limekufa kiwandani, lakini mitaani limegoma kufa.

YAI LILILOTEMBEA DUNIA

Tuache utani kidogo, tulijue gari lenyewe. Morris Minor lilionyeshwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1948. Aliyelibuni ni Alec Issigonis, mzaliwa wa Smyrna ambayo leo inaitwa Izmir, Uturuki. Huyo huyo ndiye baadaye akabuni Mini, ile ya mwaka 1959. Inasemekana bosi mkubwa wa kiwanda, Lord Nuffield, alipoliona alinuna akasema linafanana na yai lililochemshwa bila ganda. Yai hilo likawa gari la kwanza la Uingereza kufikisha idadi ya milioni 1, mwishoni mwa mwaka 1960, na mpaka linasimama lilikuwa limepita milioni 1.6.

Kuna kisa kimoja mjomba anakipenda kuliko chakula. Gari la majaribio lilipokamilika, Issigonis aliliona jembamba. Akaamuru likatwe katikati, kuanzia mbele mpaka nyuma, vipande vitenganishwe kidogo kidogo mpaka jicho liridhike. Jicho liliridhika kwenye inchi 4. Ndiyo maana boneti ya Morris Minor ina mstari mpana ulioinuka katikati: ni kovu la kuzaliwa. Kila jirani anayechungulia uani na kusema "mzee, gari likishakatwa si gari tena," mjomba anamvuta mkono, anamwonyesha ule mstari, anamwambia, "Hili lilizaliwa kwa kukatwa."

La mjomba lina injini ya cc 948. Hata Vitz ya cc 1000 inalizidi. Badala ya taa za indiketa lina vimkono vidogo vinavyochomoza ubavuni kama mtu anayeomba ruhusa darasani. Betri nayo imefungwa kinyume na magari ya leo: waya wa chanya ndio unaokwenda kwenye bodi. Fundi umeme mmoja kijana alikuja na haraka zake akataka kufunga alivyozoea, mjomba akamkamata mkono hewani. Angekausha dainamo.

Gari hilo liliingia Tanga na mhasibu mmoja wa shamba la mkonge, mgeni wa kutoka Ulaya. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na mwaka huo huo Serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Mhasibu akafungasha. Babu yangu, karani wa reli, akalinunua kwa kulipa kidogo kidogo. Mama yangu alilipanda siku ya harusi yake. Miaka ya 1980 spea zikawa adimu kama maziwa ya kuku, babu akaliegesha uani akisema ni kwa wiki moja tu. Wiki hiyo ilidumu kuliko ndoa za siku hizi.

CHUMVI HAINA MSHIKAJI

Kinachoiua chuma ni maji na hewa vikikutana. Lakini ukiongeza chumvi kazi inakwenda mbio, kwa sababu maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri zaidi na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo ndani ya chuma. Sasa fikiria mji uliokaa mdomoni mwa bahari, upepo unaleta chumvi usiku na mchana kwa zaidi ya miaka 30, gari limesimama, majani ya mwarobaini yanaziba matundu ya kutolea maji. Hilo si gari tena, ni kachumbari.

Na kutu ina unafiki. Juu unaweza kuona rangi imepauka tu, ukasema piga msasa, piga rangi, twende. Ukilala chali chini ya gari ndipo unapoijua kweli. Mjomba aliniambia nilale chini na bisibisi, nigonge vile vizingiti viwili vinavyopita chini ya milango. Cha kulia kililia "ko, ko". Cha kushoto bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, ukamwagika unga mwekundu kama pilipili ya kusaga.

Hapo ndipo ilipo siri ya magari ya wazi, na naomba ewe bishoo unayeota kulinunua moja unisikilize. Morris Minor halina chesisi ya pembeni kama lori. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Chukua boksi la viatu lenye mfuniko, ujaribu kulisokota: linakaza. Toa mfuniko, sokota tena: linapinda kama chapati. Paa ndilo mfuniko. Kwa hiyo gari la wazi lilipotengenezwa, wale jamaa waliliongezea nguvu kwingine, chini ya dashibodi, kwenye nguzo za milango na kwenye vizingiti. Vizingiti vikiliwa na kutu, gari linajikunja katikati lenyewe. Utaligundua kwenye mlango: mwanya wa juu, kwa nyuma, unabanwa, mlango unagoma kufunga. Breki moja ya ghafla barabarani na habari inakuwa nyingine.

MSHIKO WA HARUSI

Sasa ndo akaja jamaa wa Dar. Huyu bwana anakodisha magari kwa ajili ya harusi, na kama unavyojua, maharusi wa siku hizi wamechoka kupanda magari mapya yanayofanana yote. Aliona picha ya Morris kwenye simu ya binamu yangu, siku tatu baadaye yuko Ngamiani na raba nyeupe. Akatangaza dau: milioni 9, gari liwe jekundu, liwake, lifike Dar kabla ya harusi za Desemba.

Milioni 9, msomaji! Na hapo ndipo anapoingia mkaza mjomba, ambaye mimi kwa heshima namwita shangazi. Nyumba yao ni ya siku nyingi, bati zake ni za tangu babu yuko kazini, na chumvi iliyokula gari haikuionea huruma nyumba. Masika ikija wanapanga ndoo na masufuria sebuleni mpaka unaweza kudhani kuna shughuli ya pilau. Kwa miaka miwili mama wa watu anaomba bati. Aliposikia hilo dau alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Bwanangu, nyumba yavuja, na gari halina paa. Mie nikalale wapi?"

Niliangalia chini. Sheria ya kwanza ya mgeni ni kutocheka mbele ya mwiko.

Fundi bodi wa jirani naye alikuwa na dawa yake. Funika vizingiti na bati jepesi, jaza puti, piga msasa, rangi mikono miwili. Siku kumi, kazi imekwisha. Gari litang'aa hata malaika watageuka. Hela mkononi, bati zinanunuliwa, kila mtu amefurahi.

Mjomba alinyamaza muda mrefu. Halafu akamwita yule jamaa wa Dar, akamwomba achuchumae, akamshika kidole gumba akakisukuma kwenye kizingiti cha kushoto. Kidole kikaingia.

"Mzee," jamaa akasema huku akijifuta, "bibi harusi haangalii chini."

"Bibi harusi haangalii, lakini barabara inaangalia. Hapo nyuma watakaa wawili, na mpambe mbele. Ukiniletea habari mbaya kutoka Dar nitakujibu nini? Kwamba niliijua?"

Akamwambia masharti yake: atalisubiri litengenezwe kiukweli, bila tarehe, au aondoke. Jamaa akaondoka siku hiyo hiyo. Waja leo! Shangazi alirudi jikoni bila neno, na siku mbili chakula kiliwekwa mezani kwa sauti kubwa.

NDOO YA MAGADI

Kazi ikaanza. Kwanza, na hili ndilo wengi wanalolirukia, hukati kizingiti cha gari la wazi hivi hivi. Ukikata tu, bodi inajikunja na hutairudisha tena. Mjomba na fundi walichomelea vyuma vya kukaza kwenye nafasi za milango, kutoka nguzo ya mbele mpaka ya nyuma, gari likiwa limelazwa sawa juu ya magogo imara. Halafu wakakata upande mmoja tu. Ukishakamilika na kuchomelewa, ndipo wanagusa upande wa pili. Vizingiti vipya fundi alivikunja mwenyewe kwa bati zito, pale pale uani, akipimia kwenye vile vya zamani.

Vitu vidogo vidogo mjomba alivisafisha kwa ndoo, na huu ujanja nimeubeba mpaka Dar. Chukua ndoo ya plastiki, maji, na vijiko vichache vya magadi, haya haya ya kulainishia maharage. Kipande chenye kutu kifunge kwenye waya wa hasi wa chaja ya betri. Waya wa chanya ufunge kwenye kipande cha chuma kichakavu usichokijali, na vyuma hivyo viwili visigusane. Washa chaja, uende zako. Mapovu yanapanda, kutu inalegea, kesho yake unaisugua kwa brashi inatoka kama maganda ya kitunguu. Ila sikiliza vizuri: fanyia nje kwenye hewa, kwa sababu yale mapovu yana haidrojeni na inalipuka. Usiweke chumvi ya mezani badala ya magadi, itakutolea hewa ya sumu. Na upande wa chanya usitumie chuma cha pua, nacho kinaacha sumu kwenye maji.

Bawaba, vitasa, vyuma vya kukunjia turubai, vyote vilipita kwenye ndoo ile. Shangazi aliyanyima maharage magadi wiki nzima bila kupenda.

APRILI, MVUA JUU YA MVUA

Niliporudi Aprili nilikuta kitu kimebadilika kabla hata sijafika uani. Pikipiki ya mjomba haipo barazani. Badala yake baiskeli. Na upande mmoja wa nyumba, ule wa chumba cha kulala na chumba cha watoto, bati zinang'aa mpya kabisa. Upande wa sebuleni bado zile za babu.

Hakuna aliyenieleza, na mimi sikuuliza. Hesabu ilikuwa wazi: pikipiki imegeuka bati. Nusu ya nyumba kavu, na mwenye nyumba anakanyaga pedeli kama nusu ya mji.

Siku ya pili mvua ilipokatika kidogo, fundi akaja na grainda. Siku hiyo ndiyo ya mtihani. Vizingiti vyote viwili vimeshakaa, ndani vimepakwa oili nzito ili chumvi ikose pa kushika, matundu ya maji yameachwa wazi. Sasa vile vyuma vya kukaza vinakatwa, magurudumu yanafungwa, gari linashushwa kwenye jeki lisimame kwa uzito wake. Likijikunja, kazi ya miezi tisa imekwenda na maji.

Majirani walijaa. Wazee wa kahawa walihamisha baraza. Grainda ikalia, cheche zikaruka, chuma cha kwanza kikadondoka, cha pili kikadondoka. Jeki ikateremka meno kwa meno. Springi zikakaa, gari likatua chini kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1980.

Mjomba akaenda upande wa kushoto, ule uliokuwa umeoza zaidi. Akaushika mlango kwa vidole viwili, akausukuma taratibu kama anamfunika mtoto shuka.

"Ta!"

Mlio mmoja tu. Hakuna kukwaruza, hakuna kugoma. Mwanya ni ule ule juu mpaka chini, ungeweza kuupima kwa shilingi. Mjomba hakusema kitu. Alitoa leso, akajifuta jasho ambalo kwa baridi ile ya mvua sijui lilitoka wapi.

Ndipo shangazi alipotoka sebuleni, ndoo ya maji ya mvua mkononi. Akaiweka chini. Akaufungua ule mlango, akaufunga. Akaufungua tena, akaufunga. Akaingia, akakaa kwenye kiti kisicho na kitambaa, akaangalia juu mawinguni.

"Sasa huku nako si kunavuja?"

Uwa mzima ukaangua kicheko, yeye wa kwanza.

SASA MNASEMAJE?

Injini bado. Inafumuliwa, na mjomba anataka kubadilisha viti vya valvu, maana vilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi, ambayo huku kwetu kusini mwa Sahara iliondolewa mwaka 2006. Rangi bado pia, na haitakuwa nyekundu. Itakuwa kijivu, kama alivyoliacha babu.

Washkaji wa Dar mmeshaanza kuniuliza linakodishwa kwa bei gani. Tulieni. Kama una gari la mzee limelala uani kwenu, anza kwa kulala chali na bisibisi kabla hujaenda kuchagua rangi. Hilo la Ngamiani nalo lina foleni yake. Fundi wa kushona maturubai ya malori ameshapima, kitambaa kinangoja. Lakini hukumu ya shangazi imeshatoka na mjomba ameikubali bila rufaa: paa la gari halishonwi mpaka bati la mwisho la sebuleni lipigwe msumari.

Zimebaki bati kumi na mbili.